Somo la Pili la Kijana wa Mitwaba

Kijana atokaye Mitwaba kwenda kusoma Lubumbashi huacha nyuma yake kilometa zaidi ya 330, nazo twazihesabu kama ndege arukavyo. Barabara yenyewe ni ndefu kupita hapo, na wakati wa mvua haina huruma. Huchukua unga, barua ya padri, na neno la baba yake: "Soma kazi, mwanangu." Maana yake ni wazi: soma uganga, soma sheria, soma ufundi wa migodi. Kijana asemapo kwamba angependa pia kujifunza historia ya nchi yake, pamoja na desturi na lugha ya babu zake, baba huuliza mara moja: "Na hiyo itakulisha?"

Swali hilo si la upuuzi, nasi hatulicheki. Fedha ya chuo hutoka katika mahindi na mihogo ya mama. Hata hivyo twawaomba wazazi watusikilize kidogo.

Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi hushika somo kuu, na kando yake huweza kushika somo la pili lililo dogo zaidi. Wengine huchagua historia, utamaduni na lugha ya sehemu moja ya dunia, vikifungwa pamoja kama kuni katika tita moja. Hawaachi uhandisi wala udaktari wao. Kinachotuvuta sisi ni huko kufungwa pamoja, kwa maana katika Katanga mambo hayo matatu hayatengani.

Tutazame lukasa ya Waluba. Ni kibao cha mti, chenye ukubwa wa kushikika mkononi, kilichopambwa kwa shanga au kuchongwa alama. Watu wa chama cha Bambudye walikipitisha kidole shanga kwa shanga, huku wakisimulia habari za wafalme, safari zao na mahali pao patakatifu. Lukasa nyingine leo zimewekwa katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Mgeni huziona nzuri, huzipiga picha, kisha huenda zake. Shanga zipo, msomaji hayupo. Asiyejua Kiluba wala desturi ya Bambudye hawezi kusoma historia iliyomo, hata angekuwa na shahada kumi.

Wala msidhani kwamba hayo ni mambo ya kale tu. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walitoa kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashine, kinachoeleza historia ya mji wao. Mwandishi wake aliitwa André Yav, na lugha yake ni Kiswahili cha Katanga, kama kisemwavyo barabarani. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alikichapisha tena pamoja na maelezo mwaka 1990. Lakini kukisoma kwa macho tu kulimshinda, kwa jinsi maneno yalivyoandikwa. Ilihitajika sauti ya mwenyeji, Kalundi Mango, akisome kwa kinywa, ndipo maana ikatokea. Wapishi na madobi walimfundisha profesa, nasi twakiri kwamba habari hiyo hutufurahisha.

Basi kijana aliyefika Lubumbashi yuko karibu na kisima. Chuo Kikuu kilifunguliwa hapo mwaka 1956, na mwaka 1971 Kitivo cha Fasihi cha nchi nzima kilikusanywa hapo. Wanahistoria wake, kama Donatien Dibwe dia Mwembu, wamekusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi kwa kuwauliza wao wenyewe. Kwa lugha, iko kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa ya mwaka 1954, kazi ya Padri E. Van Avermaet akisaidiwa na Benoît Mbuya. Kwa mambo ya zamani sana, yako makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa tangu 1957. Vyungu na shaba zilizozikwa humo vyaonyesha kwamba watu wa bonde la Upemba walikuwa wafua chuma na wafanya biashara zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Vitabu, lakini, havitoshi, na wakati si mwingi. Vita vya Mai-Mai vilivyoanza kuenea kati ya Manono, Mitwaba na Pweto viliifanya nchi hiyo iitwe pembetatu ya mauti. Kiongozi mmoja alijisalimisha Mitwaba mwaka 2006, lakini baada ya 2011 moto uliwaka tena, na watu kwa maelfu wakakimbia. Watoto waliokulia ukimbizini na mjini hujua Kiswahili, na Kifaransa cha shule. Bibi awaambiapo hadithi kwa Kiluba au kwa Kisanga, hucheka pale wanapoona wengine wanacheka.

Turudi kwa baba na swali lake. Mganga asiyejua Kiluba humwuliza mama mzee ugonjwa wake kwa kinywa cha mwanawe wa kiume, na yako maneno ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe. Mhandisi asiyejua habari za kilima huleta mashine juu ya makaburi ya machifu, kisha hushangaa kijiji kinapofunga njia. Somo la pili halina mshahara wake, ila huilinda kazi ya kwanza.

Atakayelishika na asikilize pande zote. Juu ya Msiri, mfalme wa Garenganze aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, Wayeke husimulia ukuu wake. Wasanga, walioasi mwaka huohuo, husimulia ukali wake. Asiwakatize wazee, wala asiwasahihishe kwa kitabu. Aandike kwanza kwa lugha ya msemaji, ndipo atafsiri. Na asingoje likizo, kwa maana wazee wengi wa Mitwaba wako Lubumbashi leo, wameketi ugani kwa watoto wao, hawaulizwi neno. Aanze na majina ya mito: kila mmoja waitwaje, na nani aliupa jina hilo.