Kusomea Utengenezaji wa Gemu Chuo Kikuu

Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Abertay, katika mji wa Dundee huko Scotland, kilianzisha shahada ya gemu za kompyuta, na kinatajwa kuwa cha kwanza duniani kufanya hivyo. Hilo halikutokea kwa bahati. Kampuni ya mji huohuo, DMA Design, ilikuwa imetoa gemu ya Lemmings mwaka 1991, na mwaka uleule shahada ilipoanza ikatoa Grand Theft Auto.

Fani hii ina pande mbili ambazo wengi huzichanganya. Mbunifu hupanga kanuni: mchezaji anaruhusiwa nini, anazuiwa na nini, anapata nini akifaulu. Mtengenezaji huandika programu, huchora au hutia sauti. Masomo ya ubunifu mara nyingi huanza kwa karatasi na kete, kwa kuwa hapo kanuni mbovu haifichwi na picha nzuri. Wacheza bao wanalielewa hili: mashimo ni yaleyale 32 na kete 64, lakini ikiondolewa kanuni ya shimo liitwalo nyumba, mchezo mzima hubadilika.

Upande wa programu hudai hisabati, na wanaoingia kwa kupenda kucheza tu hukwama hapo. Kumfanya mhusika aruke ni kukokotoa mwendo na mvutano, picha hadi picha, mara nyingi 60 kwa sekunde. Kisha ubunifu huingilia fizikia: mhusika hushuka haraka kuliko alivyopanda, na mchezaji aliyechelewa kidogo kubonyeza, mguu ukiwa umeshaacha ukingo, bado huruhusiwa kuruka. Haoni kwamba amesaidiwa. Anaona tu kuwa gemu inamtii.

Lakini moyo wa shahada hii ni kazi ya kikundi. Katika chuo cha DigiPen, Redmond, Marekani, kikundi cha wanafunzi kilikamilisha Narbacular Drop mwaka 2005. Mhusika wake, binti mfalme asiyeweza kuruka, huvuka vikwazo kwa milango miwili: akiingia huku, anatokea kule. Kampuni ya Valve ilipoiona ilikiajiri kikundi hicho, na wazo lile likazaa Portal mwaka 2007. Gemu ya wanafunzi ilikuwa fupi, yenye michoro ya kawaida. Iliwapa ajira kwa sababu wazo moja jipya lilifikishwa mwisho.

Afrika nayo ina mfano. Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, huwakutanisha wanafunzi wa sanaa na wa uhandisi katika kutengeneza gemu. Wahitimu wake Ben Myres na Cukia Kimani walitoa Semblance mwaka 2018, ambamo mchezaji hufinyanga ardhi laini ili apate njia, na ikaingia hadi kwenye Nintendo Switch.

Anayetaka kuomba nafasi aulize kwanza gemu zilizokamilishwa na wanafunzi wa chuo husika, kisha azicheze. Zisipokuwepo, ni afadhali asomee sayansi ya kompyuta au uchoraji, na atengeneze gemu ndogondogo na wenzake kwa Godot, injini isiyolipiwa.