Je, Wajua? Ukatili Nao Ni Suala la Afya

Mwaka 1996, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulioketi Geneva ulitamka kuwa ukatili ni tatizo kubwa la afya ya jamii. Maana yake, uhesabiwe, utafutiwe chanzo na uzuiwe. Kukamata wahalifu peke yake hakutoshi.

Mkoa wa Njombe, Tanzania, unalijua hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto mkoani humo waliuawa mmoja baada ya mwingine. Aliyetangaza kupatikana kwa miili 10, mingi ikiwa imenyofolewa viungo, alikuwa Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, hayati Dkt. Faustine Ndugulile, aliyehusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Imani ya namna hiyo husambaa kwa maneno ya mdomo, na polisi hawawezi kuitia pingu. Inahitaji wazazi, walimu, viongozi wa dini na wahudumu wa afya wanaoijua mitaa yao.

Kuwatumia wanaoijua mitaa yao ndivyo alivyofanya daktari Mmarekani Gary Slutkin. Baada ya kupambana na kipindupindu katika kambi za wakimbizi Somalia, alirudi Chicago na mwaka 2000 akaanza kuwatumia watu wa mtaani kuzima ugomvi kabla risasi hazijafyatuliwa.

Huko Njombe, mji wa Makambako, njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, hupokea wageni usiku na mchana, hivyo wenyeji wawe macho. Ukimwona mtoto aliye hatarini, hapo au kwingineko nchini, piga 116. Simu ni bure.