Kichwa cha mutoto muchanga: waganga wanakilinganisha na nini?

Kasindi, kwenye kituo cha afya, muuguzi anazungusha kamba ya kupimia kwenye kichwa cha mutoto aliyezaliwa, kisha anaandika namba kwenye fishi. Wamama wengi wanajiuliza: hii namba ni ya nini? Ukweli ni kwamba peke yake haisemi kitu. Lazima iwe na mufano wa kulinganisha.

Mufano unaojulikana zaidi ulitolewa na Shirika la Afya Duniani, OMS, mwaka 2007. Kwa wastani, mutoto mwanaume anazaliwa na kichwa cha santimetre 34,5 na mwanamke 33,9. Namba hizo zilitoka kwa watoto zaidi ya 8000 wenye afya wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine, INTERGROWTH-21st, ulitoa vipimo vya kuzaliwa kufuatana na wiki za mimba. Humo kulikuwa watoto wa Nairobi, Kenya.

Lakini kamba inaona inje tu. Kichwa kinaweza kukua juu ubongo unakua, ao juu maji yamejaa ndani. Ili kuona ndani, muganga anatumia ekografi kupitia utosi, wakati mifupa haijafungana. Kuna pia skaneri, lakini inatumia mionzi, kwa hiyo haipigwi mutoto muzima bila sababu. IRM yenyewe inatumia sumaku. Mutoto ananyonya, anafungwa vizuri kwenye nguo, analala, picha inapigwa.

Kwa picha hizo watafiti wanajenga modeli ya kichwa. Wanakusanya picha za watoto wengi wenye afya na wa umri mumoja. Hakuna vichwa viwili vinavyolala sawasawa, ndiyo maana kompyuta inazigeuza zote zielekee upande mumoja, kisha inazivuta na kuzibana kidogo kidogo mpaka sehemu za ubongo zikutane. Inachukua wastani, inapata kichwa kimoja cha mufano, inalinganisha tena picha zote nacho. Kazi inarudiliwa mpaka mufano haubadiliki tena.

Umri ni jambo kubwa. Ubongo wa mutoto muchanga unabadilika wiki kwa wiki, kwa hiyo aliyezaliwa mbele ya wakati hawezi kulinganishwa na wa miezi sita. Modeli ya mutu mukubwa ndiyo haifai kabisa.

Swali linalobaki: watoto wa nani wako ndani ya modeli? Nyingi zilijengwa na picha za Ulaya na Marekani. Lakini ngambo ya mupaka wa Mpondwe, Uganda imeanza kazi. Hospitali ya CURE, Mbale, inatibu watoto wenye maji kichwani, na huko waganga waligundua kwamba zaidi ya nusu waliugua kisha ambukizo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 juu ya watoto 100, walipima ukubwa wa ubongo kwa skaneri, si kichwa tu. Na chuo kikuu cha Mbarara kilijengewa mwaka 2022 IRM ndogo ya bei nafuu, iliyounganishwa palepale. Mashine za aina hiyo zikienea, picha za watoto wa kwetu zitaweza kuingia katika mufano.

Kwa sasa, mama wa Kasindi ana kamba na fishi. Kipimo kimoja hakitoshi: muganga anaangalia namna kichwa kinavyokua mwezi kwa mwezi. Fishi isipotee. Kichwa kikikua haraka, utosi ukivimba, macho yakibaki yanaangalia chini, ao mutoto akitapika mara kwa mara, apelekwe kwa muganga siku hiyo hiyo. Na homa ya mutoto wa wiki za kwanza haingojewi nyumbani.