Muswada ulipita, fomu bado ni ileile

SIKU ile ya Februari mwaka 2017 redio ilipotangaza kwamba wabunge wa Rwanda wamepitisha muswada wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, nilikuwa katika chumba cha walimu nikisahihisha madaftari. Mwenzangu anayefundisha hisabati, ambaye kwa miaka mingi alizoea kuniita "Umuswahili", alinyanyuka, akanipa mkono na kusema: "Hongera Mwalimu. Kuanzia leo wewe ni mtu wa serikali."

Tulicheka wote. Lakini kwa msomaji asiyeijua Rwanda, niseme kwamba jina hilo kwetu si sifa. Umuswahili ni mtu mjanja mjanja, mwenye maneno mengi, ambaye ukimkopesha fedha umezitupa. Lina historia yake. Wakati wa Wabelgiji, Waislamu na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili walitengewa makazi yao pembeni mwa miji, na kwa Kigali lugha hiyo ikabaki ikihusishwa na mitaa kama Nyamirambo na Biryogo. Mtoto wa familia "nzuri" hakutakiwa kuonekana huko akijifunza maneno ya sokoni.

Kisha mwaka 1994 tukaanza kurudi sisi wengine. Waliotoka Tanzania, Burundi na Zaire ya wakati huo walirudi na Kiswahili mdomoni, na wengi waliotoka Uganda walikuwa nacho pia, hasa waliopitia jeshini. Mimi nilizaliwa Karagwe, mkoani Kagera, nikasoma huko kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na nikavuka kuja kwetu mwaka 1998. Kwetu, nasema, ingawa sikuwa nimewahi kupaona. Mpaka leo nikihesabu fedha nahesabu kwa Kiswahili, hata kama muuzaji amenitajia bei kwa Kinyarwanda.

Kwa hiyo muswada ule niliufuatilia kama mtu anavyofuatilia kesi ya ndugu yake.

Jinsi ulivyopita

Wengi hawajui kwamba mlango wa muswada huo ulifunguliwa miaka miwili kabla. Katiba ya mwaka 2003 ilitaja lugha rasmi tatu, yaani Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, ikaishia hapo. Aliyetaka ya nne alipaswa kwanza kuigusa Katiba yenyewe. Katiba ilipoandikwa upya na kupigiwa kura ya maoni Desemba 2015, lugha zilibaki zilezile tatu, ila katika kifungu cha 8 iliongezwa sentensi fupi inayosema lugha rasmi inaweza kuongezwa au kuondolewa kwa Itegeko Ngenga. Hiyo ni sheria iliyo chini ya Katiba lakini juu ya sheria za kawaida.

Sheria ya aina hiyo haipiti kwa nusu na mmoja. Inahitaji thabiti tatu ya tano ya wajumbe waliohudhuria katika kila baraza: Baraza la Wabunge lenye viti 80, kisha Seneti yenye viti 26. Baadaye Rais anatia saini na sheria inachapishwa katika Gazeti la Serikali. Muswada wetu ulipita kwa wabunge Februari 2017, na ulipofika mwishoni mwa Aprili ulikuwa sheria kamili.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za kueleweka. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, soko la pamoja likaanza mwaka 2010, na mfanyabiashara wa Kirehe au Rusizi hawezi kuuza maharage ng'ambo kwa Kifaransa. Hakukuwa na mabishano makubwa ya kuuangusha muswada. Kwa waliozoea kusikia miswada ikikwama katika kamati na kusahaulika, hii ilikuwa safari ya haraka.

Tatizo lilikuwa katika neno moja. Maelezo yaliyotolewa wakati ule yalisema Kiswahili kitatumika katika utawala na kitaonekana katika baadhi ya nyaraka za serikali. Mimi ni mwalimu wa lugha. Nilipolisikia neno "baadhi" nilipaswa kuweka kalamu chini na kujiuliza: zipi? Sikuuliza. Nilikuwa nafurahi.

Tena, nilipoitafuta sheria yenyewe katika Gazeti la Serikali niliikuta imechapishwa katika safu tatu kama sheria nyingine zote: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi haikuwa na safu ya Kiswahili. Niliwasomea wanafunzi wangu jambo hilo, wakadhani natania.

Barua ya mtendaji wa kijiji

Nilijifunza maana ya "baadhi" mwaka uliofuata, kwa sababu ya kiwanja cha mama.

Wazazi wangu walipewa shamba katika mashariki ya nchi kwa njia ya kugawana, ile tuliyoiita isaranganya, ambapo aliyekuwa na shamba alimkatia aliyerudi. Kwa miaka mingi waliopata ardhi hivyo walilala kwa wasiwasi, kwa kuwa hawakuwa na karatasi. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ndiyo iliyotamka kwamba kugawana kulikofanyika tangu 1994 kunatambuliwa. (Sheria hiyo imekwisha kubadilishwa mara mbili, mwaka 2013 na 2021, lakini kifungu kile ndicho kilichotulaza usingizi.) Baadaye walipita wapimaji wa serikali, na vipande zaidi ya milioni kumi nchi nzima vikaandikishwa. Chetu kiliandikwa kwa jina la baba, ambaye alikuwa ameshafariki.

Ili jina la mama liingie, alitakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa mke halali. Sheria ya mwaka 1999 juu ya mali za wanandoa na urithi, ambayo ilisifiwa kwa kuwapa mabinti haki ya kurithi sawa na kaka zao, ilimlinda mke aliyefunga ndoa inayotambuliwa na serikali. Ilipoandikwa upya mwaka 2016 hilo halikubadilika. Ndoa ya mama ilifungwa Karagwe mwaka 1974. Cheti kilipotea katika kuhama. Kilichobaki ni kuomba barua ya uthibitisho kwa afisa mtendaji wa kijiji chetu cha zamani, naye aliiandika vizuri, kwa Kiswahili fasaha, akagonga muhuri.

Mara ya kwanza, mwaka 2012, ofisi moja iliikataa barua hiyo mpaka itafsiriwe na mfasiri aliyekula kiapo. Sikulaumu. Kiswahili hakikuwa lugha rasmi. Tulilipa, ikatafsiriwa, halafu likazuka jambo jingine: jina la baba lilikuwa na herufi moja tofauti kati ya kitambulisho na barua. Faili likalala.

Mwaka 2018 nililiamsha. Nilileta barua mpya kutoka kijijini, herufi zimerekebishwa, na safari hii nilichapisha pia nakala ya sheria ya 2017 nikaikunja mfukoni kama mtu aliyebeba silaha.

Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsalimu mama, akaichukua barua, akaisoma. Akaisoma yote, tena akamwuliza mama kwa Kiswahili safi kama mtendaji huyo ni wa ukoo fulani, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na mjomba Bukoba. Wakacheka. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, inabidi itafsiriwe."

Nilitoa sheria mfukoni. Akaitazama bila kuigusa. "Sheria naijua," alisema. "Ila faili hili likitoka hapa linakwenda kwa mtu mwingine, na huyo ana orodha ya lugha tatu. Mimi sijaletewa waraka wa kuniambia nipokee ya nne. Nikiipokea, itarudi, na atakayehangaika ni mukecuru."

Nilitaka kubishana. Mama akanishika mkono. "Mwanangu, lipa twende."

Tulilipa. Mfasiri alituandikia kwa Kinyarwanda yale ambayo karani alikuwa ameshayaelewa, mama alikuwa anayajua na mimi nilikuwa nimeshayasoma mara kumi. Baada ya miezi michache hati ilitoka na jina lake. Sina ugomvi na kijana yule, alisema kweli. Bunge lilifanya kazi yake ya kupiga kura. Kazi iliyobaki, ya kumwandikia yeye waraka, haikuwa ya Bunge, na ambaye ilikuwa yake hajulikani kwa jina.

Si sisi peke yetu

Majirani zetu wana hadithi zinazofanana na hii, na wafanyabiashara wanaovuka mipaka wanapaswa kuzijua.

Uganda ilirekebisha Katiba yake mwaka 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kwa sharti kwamba kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Ni "baadhi" nyingine hiyo, ila ya kikatiba. Miaka kumi na saba baadaye, Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilikuwa bado linapitisha maamuzi ya kukitekeleza. Na huko kuna kidonda cha zamani, maana wazee wengi wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari wa kizuizini wakati wa Amin.

Hata Tanzania, ambako nilidhani mambo haya yalikwisha zamani, wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada ambayo kwa sehemu kubwa iliandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi alisikia mjadala akauelewa, lakini sheria yenyewe hakuweza kuisoma. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo Bunge la Dodoma lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Miaka sitini baada ya uhuru! Mwaka huohuo, mwezi Februari, wakuu wa nchi za Jumuiya nao waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya, pamoja na Kiingereza kilichokuwa peke yake tangu mkataba uandikwe.

Nimeyataja haya kwa sababu ya mama mmoja niliyekutana naye Rusumo.

Magunia thelathini

Rusumo ni mpaka ninaoujua tangu utoto. Zamani ulipita daraja jembamba juu ya maporomoko, ukashuka kwa ofisi za Tanzania, ukapiga foleni, ukavuka, ukapiga foleni nyingine kwa Wanyarwanda. Tangu mwaka 2016, marais wa nchi hizi mbili walipozindua kituo cha pamoja, maafisa wa pande zote mbili wanakaa chini ya paa moja na unashughulikiwa mara moja. Kwa hilo, anayelalamika hakuiona Rusumo ya zamani.

Mama huyo anauza mchele. Nilimkuta ameketi juu ya magunia, ameshika karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni mwalimu? Hebu nisomee hapa wameandika ngapi."

Ilikuwa fomu ya cheti cha uasili wa bidhaa, kile kilichorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo wako usipozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo katika orodha, cheti hicho kinakuondolea ushuru wa forodha. Ni kitu kizuri. Kimewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini ile niliyoonyeshwa ilikuwa ya Kiingereza, na aliyeijaza alikuwa kishoka aliyemlipa nje ya geti. Ilisema magunia ishirini. Yeye alikuwa na thelathini, na sahihi yake ilikuwa chini.

"Alinisomea thelathini," alisema.

Magunia kumi ambayo hayamo katika karatasi, mbele ya afisa yana jina moja tu, nalo si zuri. Nilikwenda naye dirishani. Afisa alisikiliza, kwa Kiswahili, akaelewa, akampa fomu nyingine, nikaijaza mimi huku mama akinitajia: jina, bidhaa, mahali ilikolimwa, idadi, thamani. Dakika kumi tu. Maswali yenyewe si magumu, mtoto wa darasa la tano angeyajibu yote kama yangeulizwa kwa lugha yake.

Usiku ule nilipofika nyumbani niliitafsiri fomu hiyo, mstari kwa mstari, kwa hesabu ya namba zilezile ili mtu aiweke kando ya ile ya Kiingereza na kujua kila nafasi inauliza nini. Nikaongeza Kinyarwanda chini yake. Haina muhuri na wala si waraka wa serikali, na nilimweleza kila niliyempa kwamba ni ya kusomea tu, si ya kuwasilisha.

Nilitoa nakala ishirini nikazipeleka siku ya soko. Ziliisha kabla ya saa nne asubuhi. Moja aliichukua afisa wa dirishani, akaibandika ukutani upande wa ndani, pale ambapo wateja hawaoni. Nilimwomba aigeuze. Alisema atamwuliza mkubwa wake kwanza.