Makala Moja, Wageni wa Mwaka Mzima: Pata Wasomaji Bila Kulipia Tangazo

Mwezi wa Aprili huko Naro Moru ni mvua na matope. Mlima unajificha, na simu za waongoza wapanda mlima zinanyamaza. Tulikutana na kijana mmoja wa kazi hiyo kwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, na chai haijafika alikuwa ameshatuonyesha simu yake. "Angalieni wenyewe," akasema. "Blogu iko, makala kumi na moja ziko, picha ziko. Watu ndio hawako."

Alikuwa amelipia tangazo mtandaoni mara mbili. Pesa ilipoisha, wasomaji nao wakaisha siku hiyo hiyo. Kazi anayopata ni ile ya kuletewa na madalali wa Nairobi, ambao hukata chao kwanza, kisha yeye anabeba mizigo na baridi kwa kilichobaki. Kwa hivyo alituuliza swali moja tu: kuna njia ya kuleta watu bila kulipia?

Iko. Lakini tuseme ukweli mapema: ni bure kwa pesa, si bure kwa jasho.

Andika swali la mteja, si sifa zako

Tulisoma makala zake zote. Zote kumi na moja zilisema kitu kimoja: sisi ni bora, tuna uzoefu, karibuni. Sasa fikiria, ni nani anayefungua Google na kuandika "kampuni bora yenye uzoefu"? Mtu wa Nakuru anayepanga safari na wenzake wa chama anauliza mengine kabisa. Ni mwezi gani mzuri wa kupanda Mlima Kenya? Kati ya Naro Moru na Sirimon, njia ipi ni rahisi kwa mtu wa mara ya kwanza? Nibebe viatu gani?

Majibu haya kijana wetu anayo kichwani. Anajua kwamba Januari na Februari kwa kawaida huwa kukavu, na tena kuanzia Julai hadi Septemba, lakini Machi hadi Mei ni mvua za masika. Anajua njia ya Naro Moru hupanda haraka na ina kinamasi cha mlimani kinachowatoa watu machozi. Sirimon hupanda taratibu, mwili ukapata muda wa kuzoea hewa nyepesi. Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo inayosifiwa zaidi kwa mandhari. Anajua pia kwamba wengi huishia kilele cha Lenana, mita 4,985, kwa sababu Batian, mita 5,199, inataka kamba na ujuzi wa kukwea miamba.

Kwake mambo haya ni ya kila siku. Kwa yule aliyekaa Nakuru na likizo ya siku nne tu, ndiyo yatakayoamua amwamini nani na mwili wake huko juu.

Basi fanya hivi: swali moja, makala moja, na swali lenyewe liwe ndilo kichwa. Jibu liweke kwenye mistari ya kwanza, usimzungushe msomaji. Andika kwa lugha ambayo mteja wako anaulizia. Na mambo yakibadilika, kwa mfano ada za kuingia hifadhini, rudi urekebishe makala ile ile badala ya kuandika nyingine.

Hii si ya watu wa mlima peke yao. Kama unauza miche ya parachichi Karatina, jibu swali la mche wa Hass unaanza kuzaa baada ya muda gani. Kama una nyumba ya wageni Nyeri mjini, eleza kaburi la Baden-Powell liko wapi na mtu anafikaje. Mwanzilishi huyo wa skauti alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, na hadi leo maskauti huja kulitembelea. Wanahitaji pa kulala, na wewe una vitanda.

Stetasi hufutika, makala inabaki

Huku kwetu intaneti si mgeni. Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, Microsoft na washirika wake pamoja na serikali walizindua mradi wa Mawingu, uliotumia masafa ya televisheni yasiyotumika na umeme wa jua kupeleka intaneti mashinani. Lakini kuwa na mtandao ni jambo moja, na kuonekana mtandaoni ni jambo lingine.

Stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24, halafu imeenda. Makala nzuri inaweza kutafutwa na kupatikana hata mwaka ujao. Kwa hivyo itumie stetasi kama kibao cha njiani: picha moja, sentensi moja, na linki ya makala. Punguza uzito wa picha kwenye tovuti yako, maana mwenye bando la siku hatangoji ukurasa ufunguke.

Usirushe linki kwenye kila grupu. Grupu la mchango wa mazishi si soko. Nenda pale swali linapoulizwa, kama kwenye grupu za Facebook za wapanda milima. Mtu akiuliza kuhusu viatu, mjibu pale pale kwa mistari mitatu yenye msaada wa kweli. Kisha, kama kanuni za grupu zinaruhusu, weka linki kwa anayetaka zaidi. Watu humkumbuka aliyewasaidia kabla ya kuwauzia.

Halafu shirikiana na majirani. Mwenye hoteli Nanyuki, mwenye gari la kubeba wageni na mwenye duka la kukodisha majaketi, wote wanamtafuta mteja mmoja. Kila mmoja akiweka linki ya mwenzake kwenye tovuti yake, wasomaji wanazunguka kati yenu. Google nayo huzichukulia linki kutoka tovuti nyingine kama dalili kwamba ukurasa una manufaa. Usinunue linki, ni kinyume cha kanuni zao na unaweza kushushwa. Pia sajili biashara yako kwenye ramani za Google. Ni bure. Weka saa za kazi, picha na anwani ya tovuti, na uombe wateja wa kweli waandike maoni yao.

Hesabu waliolipa, si waliopita

Wasomaji elfu moja wasionunua hawalipi kodi ya nyumba. Fungua Search Console, chombo cha bure cha Google, uone watu waliandika maneno gani hadi wakakupata. Mara nyingi humo ndimo utakuta swali la makala yako ijayo.

Kisha muulize kila mteja, "Umetupata wapi?" na uandike kwenye daftari. Pokea malipo ya biashara kwa till yake, mbali na namba yako ya nyumbani. Mwisho wa mwezi linganisha daftari na taarifa ya malipo, na utajua ni makala gani iliyoleta pesa.

Wageni wakija, matapeli nao hufuata

Ukianza kujulikana, kuna mtu anaweza kunakili makala yako na kuweka namba yake. Mteja akitapeliwa, jina litakaloharibika ni lako. Kwa hivyo:

- Weka namba moja ya malipo kwenye ukurasa mmoja wa tovuti yako, pamoja na jina kamili linalopaswa kutokea kwenye simu ya mteja.
- Mwambie wazi: jina lisipolingana, asilipe, akupigie kwanza.
- Eleza dipositi ni ya nini na hurudishwa lini.
- Mkumbushe kwamba hakuna biashara wala kampuni ya malipo inayohitaji kujua PIN yake.
- Usimwingize mtu kwenye orodha yako ya matangazo bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda.

Kijana wetu alifuta makala tisa na kuandika nne. Wiki za kwanza kulikuwa kimya, na alitupigia mara mbili kuuliza kama tulimdanganya. Tukamwambia avumilie na aendelee kujibu maswali. Mwishoni mwa Juni alitutumia picha ya ujumbe aliopokea: "Nimesoma ile ya viatu. Tuko sita, tunataka Sirimon Agosti. Till ni ile iliyo kwenye tovuti?"

Safari hii hakukuwa na dalali katikati.

Leo jioni, fungua simu yako na uandike maswali matano ambayo wateja wamekuuliza wiki hii. Chagua lile unaloweza kulijibu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote mtaani kwako, na uanze nalo.