Umenunua gemu, au umepangishwa?

VIBANDA vya gemu vya uswahilini vimewafundisha biashara vijana wengi kuliko inavyodhaniwa. Mtaji wake unajulikana: chumba kimoja, benchi, televisheni ya mtumba na mashine ya PlayStation 2 yenye padi mbili. Wateja hulipa kwa mechi, na anayefungwa humpisha mwenzake. Mashine hiyo iliingia sokoni mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na mapema mwaka 2013 ikatangazwa kuwa haitengenezwi tena. Hata hivyo, si ajabu kuikuta mahali bado inaingiza fedha. Padi ikichoka inanunuliwa nyingine. Lenzi ya kusomea sidii ikififia, fundi wa redio wa mtaani anaishughulikia. Mwenye kibanda akipata shughuli nyingine, anamuuzia kijana mwenzake mashine na sidii zake, na biashara inaendelea siku hiyo hiyo. (Kwamba sidii nyingi za vibandani zilikuwa za kunakili ni kweli, na ni kosa, lakini hiyo ni mada nyingine.)

Kwa lugha ya wachumi, mashine hiyo ni bidhaa ya kudumu. Mnunuzi hulipa bei yote leo kwa kujua kwamba atafaidika kwa miaka kadhaa, na mwishoni atabaki na kitu cha kuuza. Mkulima hupiga hesabu hiyo hiyo anaponunua pampu ya kumwagilia. Anagawa bei kwa miaka, anaongeza matengenezo, anatoa bei ya mtumba. Akikosa idadi ya miaka, hesabu nzima haiendi.

Walionunua gemu iitwayo The Crew waliikosa idadi hiyo. Kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilianza kuiuza Desemba 2014. Ni gemu ya mbio za magari ndani ya ramani ya Marekani iliyofupishwa, na iliuzwa kama nyingine yoyote, kwa sidii au kwa kupakua. Ila ilikuwa na sharti moja: lazima iwasiliane na seva za kampuni kwa njia ya intaneti, hata kama mchezaji yuko peke yake chumbani. Desemba 2023 kampuni iliacha kuiuza, ikitaja miundombinu ya seva na masuala ya leseni. Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Aliyekuwa na sidii kabatini, na risiti yake, akabaki na kipande cha plastiki.

Ubishi ulioibuka ulikuwa juu ya neno moja, kununua. Yale masharti marefu ambayo wengi wetu huyakubali kwa kubonyeza kitufe bila kuyasoma husema kwamba mteja hauziwi programu, anapewa leseni ya kuitumia. Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji mwanasheria kulielewa hilo. Anayelipa kilemba cha fremu hajawa mwenye nyumba. Lakini mpangaji wa fremu ana mkataba wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kodi yake inalingana na muda huo. Mnunuzi wa gemu hutozwa bei ya mwenye nyumba, kisha anapewa haki za mpangaji ambaye mkataba wake hauna tarehe.

Kampuni nazo zina hoja, na si haki kuzipuuza. Seva hula umeme na mishahara ya mafundi kila mwezi, wakati mchezaji alilipa mara moja tu. Magari na muziki ndani ya gemu hutumika kwa mikataba na wenye mali, nayo hufika mwisho. Umoja wa watengenezaji wa gemu wa Ulaya umesema kuwa kulazimishwa kuacha kila gemu ikichezeka kutapandisha sana gharama za kuzitengeneza.

Hoja ya gharama inapungua nguvu pale maandalizi yanapofanywa mapema. Kuweka njia ya kucheza bila seva tangu gemu inapobuniwa ni sehemu ya ujenzi. Kuitafuta baada ya miaka 10 ni kama kuchimba msingi wakati nyumba imeshaezekwa. Tena inawezekana. Septemba 2024, baada ya makelele ya wateja, Ubisoft yenyewe iliahidi kuwa The Crew 2 itapewa njia ya kuchezwa bila intaneti. Kampuni nyingine zilichagua kurudisha fedha. Google ilifunga huduma yake ya gemu ya Stadia Januari 2023 na kuwarudishia wateja fedha za gemu walizonunua. Sony ilifanya hivyo mwaka 2024 kwa gemu ya Concord, iliyodumu sokoni wiki mbili tu.

Baada ya seva za The Crew kuzimwa, ilianzishwa kampeni iitwayo Stop Killing Games. Kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni moja, kiwango kinachotakiwa ili Tume ya Ulaya ilazimike kulijibu. Haiombi seva ziwashwe milele. Inaomba kampuni inapojitoa iiache gemu katika hali ya kuchezeka. California ilichukua njia nyepesi zaidi: tangu Januari 1, 2025 sheria ya jimbo hilo inamzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kuwa anachopata ni leseni. Kwa mtazamo wa soko, hata hilo si dogo. Mteja akijua anapanga, ataanza kuuliza kodi.

Afrika Mashariki inaifahamu bidhaa inayofungwa kutoka mbali, na katika sura iliyo ya haki zaidi. Mfumo wa umeme wa jua wa kulipia kidogo kidogo, ambao M-KOPA iliuanzisha Kenya mwaka 2012, hujifunga mteja asipotuma malipo ya siku. Familia hulala gizani, na hakuna anayedai ameonewa, kwa sababu masharti yalijulikana mapema. Malipo yakikamilika, kufuli linaondoka na mtambo unakuwa mali ya mteja. Katika gemu mambo yamegeuzwa: kufuli linakuja baada ya mtu kumaliza kulipa.

Wakulima nao wasidhani hii ni habari ya watoto wa mjini. Mwaka 2022 iliripotiwa kuwa matrekta na mashine za kuvunia za John Deere, zilizoporwa katika mji wa Melitopol, Ukraine, zilifungwa kutoka mbali na zilipofikishwa Chechnya hazikuwaka. Wengi walishangilia mwizi kukomolewa. Ila uwezo huo huo upo juu ya mashine iliyonunuliwa kihalali, na huko Marekani wakulima wamelalamika kwa miaka kwamba hitilafu ya programu huwalazimu kumsubiri wakala huku mazao yakiharibika shambani. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria inayowataka watengenezaji wawape wakulima vipuri, miongozo na programu za kutengenezea.

Kwa chama cha ushirika au duka la pembejeo linalotaka kununua programu ya hesabu, maswali ya kumuuliza muuzaji ni machache. Je, intaneti ikikatika, inafunguka? Kompyuta ikiharibika, inawekwa kwenye nyingine bila kumpigia mtu simu? Muuzaji akifunga ofisi, daftari la wanachama linatoka vipi humo ndani, na katika muundo gani? Majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla ya fedha kutoka. Muuzaji akisema hilo la mwisho halijawahi kutokea, ombeni atoe daftari hilo mbele yenu, siku hiyo hiyo, na mlichapishe.