Kalamu inaleta bukari? Habari ya waandishi wa Kigujarati

Bandugu, mtoto wa Katuba akisema nyumbani kwamba anataka kuwa mwandishi, ulizo la wazazi linakuwa paka moja: "Utakula nini?" Akiongeza kwamba hataandika mu Kifaransa, ataandika mu Swahili, hata wenzake wa chuo kikuu wanacheka. Ulizo lenyewe ni la haki. Bukari hautoki mu shairi. Lakini kuko watu waliokutana na ulizo hilo mbele yetu, na majibu yao tunaweza kuyasoma leo pamoja na majina na miaka. Nataka tuangalie waandishi wa Kigujarati.

Juu ya nini hao? Wale tunaowaita kwa ujumla "Bahindi", wenye maduka pale mjini, wamoja ni watu wa Gujarat, mkoa wa magharibi ya Uhindi unaotazama bahari. Lugha yao inasemwa na watu zaidi ya milioni 50. Ni lugha ya bahari na ya biashara, sawa vile Swahili. Mwandiko wake zamani uliitwa mwandiko wa wachuuzi, kwa sababu ulitumika kwa barua na kwa hesabu, wakati vitabu viliandikwa kwa herufi zingine zenye heshima zaidi. Mwishowe mchuuzi njo alishinda: kila kitabu cha Kigujarati sasa kinachapwa mu mwandiko ule wa daftari la deni.

Na daftari lile la deni linatuhusu. Mu karne ya 19, wafanyabiashara wa Gujarat na wa Kutch waliokaa Zanzibar walikuwa wanakopesha viongozi wa misafara vitambaa, shanga na bunduki, halafu wanalipwa kwa pembe za tembo. Mmoja wao, Taria Topan, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Tippu Tip tunamjua: misafara yake ilivuka Tanganyika, ikafika Maniema, ikaacha njia ya damu na ya utumwa, na ikaacha lugha. Kwetu Katanga Swahili ilikuwa na njia zingine pia, biashara ya Msiri pale Bunkeya, na kisha kambi za Union Minière. Lakini mwanzo wa barabara ile, kule pwani, kulikuwa mtu ameketi na kalamu, anaandika deni mu Kigujarati. Yeye hakujiita mwandishi.

Sasa tuje kwa wale waliojiita waandishi.

Wa kwanza kumjua ni Narmad, mtu wa Surat, aliyezaliwa mwaka 1833. Alikuwa mwalimu wa shule kule Bombay. Tarehe 23 Novemba 1858, akiwa na miaka 25, aliacha kazi ya ualimu na akaapa kwamba kuanzia siku ile ataishi kwa kalamu peke yake. Fikiri kidogo: mtu mwenye mshahara wa kila mwezi, na familia inamtazama, anarudisha funguo za darasa. Mwaka 1864 alianzisha gazeti lililoitwa Dandiyo, la kupigana na desturi alizoziona mbaya. Alitetea haki ya wajane kuolewa tena, na yeye mwenyewe akaoa mjane, jambo lililomletea matusi ya kutosha. Alitunga kamusi kubwa ya Kigujarati iliyotoka kamili mwaka 1873. Aliandika maisha yake mwenyewe mu mwaka 1866, lakini kitabu kile hakikutolewa kwa watu mpaka 1933, miaka mingi kisha kifo chake.

Na bukari? Madeni, bandugu. Madeni juu ya madeni, mengine ya kuchapisha vitabu vyake mwenyewe. Alivumilia miaka 24. Mwaka 1882 alikubali kazi ya mshahara mu shirika moja la wakfu la tajiri wa Bombay, na wanaomsimulia wanasema kiapo kile kuvunjika kulimuumiza sana. Alikufa mwaka 1886. Leo shairi lake moja ni wimbo wa mkoa wa Gujarat. Heshima ilifika, ila ilifika wakati wenye kumdai walikuwa wamekufa nao.

Minaona vijana wengi wanapenda hadithi ya Narmad paka mpaka siku ya kiapo. Mimi ninapenda miaka 24 ya katikati, juu pale njo kazi ilifanyika.

Huku Afrika ya Mashariki waandishi wa Kigujarati hawakuapa kiapo sawa kile. Walikuwa na kazi, na waliandika pembeni ya kazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa Mparsi mmoja, Sorabji Darookhanawala, injinia wa serikali ya Zanzibar. Alisafiri barani mpaka Ziwa Victoria, akaandika aliyoyaona. Miaka ile ile kijana wa Mombasa, Ebrahimji Adamji, wa familia ya wafanyabiashara Wabohora, alisafiri bara kati ya 1902 na 1905, naye akaandika safari zake. Hawa wawili waliandika kwa watu wa kwao: wapi kuko soko, wapi njia ni mbaya, wapi mtu anaweza kufungua duka. Kwa karibu miaka 100 mtu asiyejua Kigujarati hakuweza kuwasoma. Ni mwaka 1997 tu maandishi yao yalitoka kwa Kiingereza, pamoja mu kitabu kimoja, kule Mombasa. Ukitafuta habari ya Kenya ya mwanzo (ninasema Kenya ile inchi, hapana commune jirani yetu), karibu kila kitu unachokuta kiliandikwa na Mzungu. Kumbe mwenye duka naye alikuwa anaandika.

Magazeti yalifuata mtindo ule ule. Zanzibar, mwaka 1902, Fazel Janmohamed Master alianzisha Samachar, maana yake "habari". Dar es Salaam ilipata Tanganyika Opinion na Tanganyika Herald, yenye kurasa za Kiingereza na za Kigujarati. Gazeti la namna ile linaishi kwa matangazo ya wenye maduka na kwa watu wanaolipa kulipokea kila juma. Hapa njo siri ya Kigujarati: mwandishi alikuwa maskini, lakini msomaji wake alikuwa na franga. Mchuuzi ambaye hasomi riwaya hata moja alilipia gazeti kwa kutaka kujua bei na meli, na pembeni ya bei ya karafuu shairi likapata nafasi yake.

Kule kusini Gandhi alifanya vile vile kwa nguvu zaidi. Indian Opinion ilianza Durban mwaka 1903, na yeye, wakili aliyelipwa vizuri, alimwaga akiba yake humo. Mu Novemba 1909, akirudi kutoka London mu meli Kildonan Castle, aliandika kitabu Hind Swaraj kwa siku 10, mu Kigujarati, juu ya karatasi za meli. Mkono wa kuume ulipochoka aliandika na wa kushoto. Serikali ya Bombay ilikipiga marufuku mwaka 1910. Tafsiri ya Kiingereza alikuja kuifanya kisha. Angalia mpango: mtu aliyesomea sheria Uingereza, mwenye Kiingereza cha mahakama, jambo la moyo wake analisema kwanza mu lugha ya mama yake.

Sitaki mutoke hapa mukifikiri waandishi hawa wote walikuwa malaika. Mwaka 1938 Gunvantrai Acharya, mwandishi wa habari na wa riwaya za bahari, alitoa Dariyalal. Ni riwaya ya Kigujarati, na mambo yake yanatokea Zanzibar na pwani yetu ya Afrika, wakati wa biashara ya watumwa. Ndani yake Wagujarati wanaigeukia biashara ile na kuikataa. Ni hadithi tamu, na Gujarat waliipenda. Lakini msomaji wa Kongo akiishika mkononi, anauliza habari ya daftari la deni. Nani alilipia bunduki? Riwaya inatupa mfanyabiashara aliyetubu. Misafara iliyokuja mpaka kwetu haikutubu. Mwafrika mu hadithi ile ni mtu wa kuokolewa, na kazi ya kuokoa ni ya mgeni. Mwandishi anaweza kupenda lugha yake na bado akaitumia kupaka rangi nyeupe ukuta wa jamaa zake. Hilo linafanyika mu lugha zote, hata mu Swahili.

Kwa upande wa bukari, Acharya aliishi kwa kuandika mfululizo, magazeti, michezo, vitabu kwa makumi. Binti zake wawili, Ila Arab Mehta na Varsha Adalja, wote wakawa waandishi wa riwaya mu Kigujarati, na Varsha alipata zawadi ya Sahitya Akademi mwaka 1995. Kumbe mu nyumba ile kalamu haikuwatisha batoto.

Mwingine alifuata njia ya kinyume: kwanza utajiri, kisha kitabu. Nanji Kalidas Mehta alikuja Afrika akiwa mtoto wa miaka 13, mu jahazi. Kule Lugazi, Uganda, alijenga kiwanda kikubwa cha sukari mu miaka ya 1920. Akiwa mzee aliandika maisha yake mu Kigujarati. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1966. Ni kitabu cha tajiri, na tajiri akijisimulia anajisamehe mengi. Lakini hakuajiri Mwingereza wa kumwandikia.

Halafu mambo yakakatika. Januari 1964 mapinduzi ya Zanzibar yalitawanya Wahindi wengi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kwetu Zaïre, Novemba 1973, Mobutu alitangaza zaïrianisation, na maduka ya wageni yakabadilisha wenyewe. Ninayoongea hapa si kuhusu haki au kosa la siasa ile. Ninaongea kuhusu magazeti. Wenye kulipia matangazo walipoondoka, kurasa za Kigujarati zilibaki bila mtu wa kuzibeba. Tena batoto wao walikuwa wamekwisha kusoma mu shule za Kiingereza. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukua Dar es Salaam, ni mtoto wa jamaa ile ile. Alisomea fizikia ya nyuklia Marekani, akahamia Kanada, na riwaya zake tangu The Gunny Sack ya 1989 zote ni za Kiingereza. Zawadi ya Giller ameipata mara mbili. Wazee waliokuwa wanasoma Samachar wangejivunia mtoto huyu, na wengi wao wasingeweza kumsoma.

Kigujarati chenyewe kilihama na wazee. Kule Uingereza waliunda akademi ya fasihi mwaka 1977, na Vipool Kalyani, aliyeishi Tanzania mbele ya kuhamia London, alianzisha mwaka 1995 jarida la Kigujarati akaliita Opinion, kwa kukumbuka lile la Gandhi.

Na sisi? Kina Vassanji wetu tunao. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alifundisha hapa Lubumbashi, akaenda Marekani, akaandika mu Kifaransa na mu Kiingereza. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi wa 1981, anakaa Graz kule Austria na Tram 83 yake ya 2014 ni ya Kifaransa. Sina neno juu yao, ninawasoma kwa furaha.

Lakini daftari letu la deni pia tunalo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu mu Swahili ya mji huu, kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ndani ni Swahili yetu, bila kuomba ruhusa kwa sarufi ya Zanzibar. Kilipigwa mashine, kurasa 33, kikapita mkono kwa mkono. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi mu miaka ya 1970, alikichapisha Amsterdam mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na njo maana kinajulikana duniani. Mu Katuba, ni nani kati yetu aliyekishika mkononi? Ndugu yeyote mwenye nakala, hata fotokopi mbaya, aseme, tupange siku moja tukisome pamoja kwa sauti, na wazee waketi mbele watusahihishe.